Jiwe la Mwinyihaji

Fundi Waziri wa Alfani alifua dhahabu Msambweni kwa miaka kumi na tisa bila kushika hata chembe moja ambayo haikuwa imeshamilikiwa na mtu. Bangili za marehemu zilizogawanywa baina ya warithi, pauni za Kiingereza zenye kichwa cha mfalme, kidani kilichokatika, hata jino la Mshihiri mmoja, Mwarabu wa Hadhramaut, aliyefia Vanga: vyote vilimfikia mkononi, vikaingia katika chungu chake kidogo cha udongo, vikawa maji. Kisha akaviumba upya, kipini cha puani kwa msichana wa Bongwe, vipuli kwa bibi harusi wa Gazi. Mwaka 1964, baada ya mapinduzi ya Unguja, watu walishuka pwani yetu ya kusini na bangili zilizoshonewa ndani ya mapindo ya nguo. Waliziuza kwake. Aliziyeyusha hizo pia, kichwa ameinamisha ili asiwaone walivyokuwa wakitazama.

Dhahabu haizeeki. Hailiwi na ndimu wala na maji ya chumvi, haishiki kutu, na moto huiyeyusha lakini hauipunguzi. Kwa hiyo hujumlisha watu wote waliowahi kuivaa. Waziri alipokuwa akiivuta waya katika chamburo, kile kibao cha chuma chenye matundu yanayozidi kuwa madogo, alikuwa akijiuliza chembe zile zimekwishapita masikio mangapi. Alitamani kuiona siku moja ikiwa changa, kama inavyotoka mwambani.

Aliyemfundisha kazi, Mzee Velji wa Mombasa, naye hakuwahi kuiona hivyo, ila alikuwa amesikia. Alimwambia kwamba chini kabisa ya ardhi mna maji ya moto mno, na maji hayo hubeba dhahabu kama chai inavyobeba sukari. Hupanda katika nyufa za miamba, na yakipoa huacha jiwe jeupe, gumu kama kioo, na ndani ya jiwe hilo dhahabu hubaki pale ilipoachwa, huku uzi, kule tone. Mvua ikilimomonyoa jiwe, tone huanguka mtoni, na kwa kuwa ni zito kuliko mchanga, hujificha chini yake. Velji alisema pia kwamba dhahabu ya namna hiyo haiji peke yake. Huwa imechanganyika na fedha kidogo, ndiyo maana rangi yake ni ya mpauko. Mwaka wa Uhuru mzee huyo alifunga duka akarudi kwao Kachi, Bara Hindi, akamwachia Waziri mizani, chamburo na jiwe jeusi la kusugulia dhahabu ili kuijaribu.

Karakana ya Waziri ilikuwa chumba kimoja cha mawe na bati, njia ya kwendea hospitali. Masonara wana mwiko wao: uchafu wa ndani hautupwi nje. Waziri alinawa mikono katika beseni moja asilolimwaga mpaka maji yatulie na mashapo yake yachujwe. Ufagio wake haukuvuka kizingiti. Kila baada ya miaka miwili aliuchoma mkeka aliokuwa akikalia, akaosha majivu yake katika sinia, na daima chini ya sinia palibaki mstari mwembamba wa manjano. Mkewe, alipokuwa hai, alikuwa akimcheka kwamba siku akifa maiti yake nayo itachujwa. Alitangulia yeye, mwaka 1957, na Waziri hakuoa tena.

Miongoni mwa wanawake waliokuja kumuuzia vitu vyao alikuwamo Mwanarusi wa Bodo. Mumewe, Mwinyihaji, alikuwa ameondoka mwaka 1959 kwenda kuchimba dhahabu Nyanza ya Kusini, upande wa mpaka wa Tanganyika, kwa ahadi ya kurudi baada ya miezi kumi na minane. Mwaka wa pili alimtuma mtu wa Funzi aliyekuwa akirudi nyumbani. Mtu huyo alimkabidhi Mwanarusi jiwe lenye ukubwa wa limau, jeupe, lenye madoadoa yaliyong'aa, na ujumbe wa mdomo: haya ndiyo masurufu yako mpaka nitakapokuja. Baada ya hapo hapakuja mtu wala barua.

Mwanarusi aliliweka jiwe katika sanduku la nguo, akaishi kwa kusuka mikeka na kwa kuuza, kimoja kimoja, alivyokuwa amevaa siku ya harusi. Alikuja kwa Waziri kila baada ya miezi kadhaa. Hakuwa mtu wa kubembeleza bei. Alikuwa akitazama mizani ikitulia, akaaga, akaenda. Siku alipoleta kikuku cha mwisho, Waziri hakukiyeyusha kwa majuma matatu. Dada yake, Biasha, alikiona juu ya rafu, akamuuliza kinangoja nini. Waziri alikichukua, akakifuta vumbi, akakirudisha pale pale. Biasha alijitanda buibui, akapanda gari mpaka Bodo, akazungumza na mamake Mwanarusi kwa maneno ya kuzunguka-zunguka, na mama yule, aliyeelewa tangu neno la kwanza, alisema kwamba nyumba yao ingefurahi, lakini binti yake bado ni mke wa mtu.

Ndipo Iddi, kaka yake Mwanarusi, alipolishika jambo. Mwanamke aliyeachwa bila matumizi anaweza kwenda kwa Kadhi akaomba faskhi, yaani ndoa ivunjwe bila mume kuwapo. Mwezi wa pili mwaka 1965 Kadhi alikuwa akija Msambweni kusikiliza kesi. Kizuizi kilikuwa kimoja tu, lile jiwe. Kama lina dhahabu, Mwinyihaji ameacha masurufu, na ombi halina msingi. Kama ni jiwe tupu, Mwanarusi ni huru.

Jumatatu Iddi alikuja karakanani na jiwe ndani ya kikapu cha samaki, akalitoa akilishika kwa vidole viwili.

"Haya shemeji," alisema, ingawa hakuwa shemeji bado. "Utajiri wa dadangu huu hapa. Miaka minne analala na jiwe, hata ubavu haujamuuma."

Alieleza kwamba yeye mwenyewe ameshalijaribu. Alivunja kipembe chenye madoa yaliyong'aa zaidi, akakipiga nyundo, kikawa unga mweusi. Akautia unga motoni, ukanuka kiberiti. Mvuvi mwenzake aliyefanya kazi Mombasa alimwambia kwamba yapo mawe ya namna hiyo, yang'aayo kama dhahabu, na yamewafilisi Wazungu wengi. Sasa alichotaka ni fundi anayejulikana, asimame Alhamisi mbele ya Kadhi, arudie jaribio lile lile, basi.

"Watu wanakuamini," alisema Iddi. "Wewe piga nyundo tu. Harufu itasema yenyewe."

Alipoondoka, Waziri alilibeba jiwe mpaka mlangoni penye mwanga. Alilipima kwa kiganja. Lilikuwa zito kuliko lilivyopaswa kuwa, na uzito ule ulimpanda mkononi ukamfika kifuani. Aliligeuza. Madoa ya Iddi yalimetameta kila yalipopata jua, na yakageuka kijivu kila alipoyaelekeza kivulini. Alilisugua doa moja juu ya ukingo wa kigae cha sahani, pale pasipo na rangi. Likaacha mstari mweusi. Iddi alisema kweli.

Lakini jiwe lilikuwa na ufa. Ndani ya ufa, pasipofika jicho la mtu mwenye haraka, palikuwa na kitu kisichomeremeta, cha manjano yaliyopauka, kama kipande cha nta kilichosahauliwa. Juani kilikuwa na rangi ile, kivulini rangi ile ile. Alikigusa kwa ncha ya sindano. Sindano ikazama kidogo, ikaacha shimo. Akachukua jiwe jeusi la Velji, akalisugua pale, ukabaki mstari mwembamba wa manjano. Akadondosha asidi juu yake. Mstari haukufutika.

Alikaa chini juu ya mkeka. Kulikuwa na mtu nje akiuza mihogo ya kukaanga, na sauti yake ilipita ikaenda zake mpaka ikapotea upande wa hospitali. Waziri alikuwa na miaka arubaini na sita. Kile alichokuwa akikitamani tangu ujana, dhahabu isiyokuwa ya mtu, kilikuwa mapajani mwake, na kilikuwa cha Mwinyihaji.

Hakuna aliyekuwa akijua ila yeye. Na hakuhitaji kusema uongo. Angeulizwa haya madoa ni nini, angeyapiga nyundo, watu wangenusa, kesi ingekwisha. Kuhusu ufa hakuna ambaye angeuliza.

Jumatano asubuhi Mwanarusi alikuja mwenyewe, na shangazi yake mzee akamngoja barazani akitafuna tambuu. Alisimama mlangoni kama mteja yeyote. Aliamkia, akaitikiwa. Waziri alianza kumwambia kwamba ameshalitazama lile jiwe, naye akainua mkono.

"Usiniambie hapa. Nitasikia kesho pamoja na wote, asije mtu akasema tulipanga." Aliitupia macho mizani. "Nimechoka kuwa mke wa jiwe, Bwana Waziri. Lakini nakuomba jambo moja. Utakalosema kesho liwe ni lile ambalo ungelisema kama hunijui."

Waziri alimuuliza, bila kumtazama, yeye mwenyewe angependa liwe nini.

"Ningependa awe hakunidanganya," alisema Mwanarusi. "Na ningependa niwe huru. Haya, wewe una mizani, yapime hayo mawili."

Shangazi alicheka kule barazani, kicheko kifupi cha mtu aliyekuwa akisikiliza tangu mwanzo, akasema waondoke, jua linapanda.

Kadhi alikaa katika chumba cha nyuma ya msikiti, mtu mzima mwenye macho mabovu, aliyekuwa akiwasogeza watu karibu ili awaone. Iddi alizungumza kwa ufasaha. Mashahidi wawili wa Bodo walieleza kwamba mwanamke huyu anaishi kwa mikono yake. Kisha fundi akaitwa. Waziri alilipiga doa moja nyundo mbele ya watu wote, likasagika. Akaliweka juu ya kaa, harufu ya kiberiti ikajaa chumbani, na minong'ono ikaanza. Iddi alikuwa tayari ameinuka.

"Hayo madoa si kitu, Sheikh," Waziri alisema. "Lakini dhahabu imo. Imo ndani ya ufa."

Kadhi alimwambia asogee. Waziri aliichoma sindano ndani ya ufa mbele ya macho yake, akamwonyesha shimo, akamwonyesha mstari usiofutwa na asidi. Alieleza kwamba mambo haya mawili huzaliwa pamoja katika jiwe moja, la kweli na la uongo, na kwamba aliyelipeleka pengine alichagua jiwe kwa ajili ya ule ufa, si kwa ajili ya yale madoa. Mchimbaji angejua tofauti yake. Alisema haya yote kwa sauti ya kazini. Nyuma ya pazia, upande wa wanawake, mtu alivuta pumzi kwa nguvu, na Waziri hakuhitaji kuambiwa ni nani.

Kadhi aliamua kwamba mume ameacha mali, na ndoa yasimama. Jiwe livunjwe, dhahabu itolewe, iwe matumizi ya mwanamke kadiri ya mwanamke wa hali yake. Itakapokwisha na mume hajaleta nyingine, arudi, atasikilizwa. Kazi ya kuitoa ifanywe na fundi huyu huyu, kwa kuwa amekwisha kuonyesha kwamba anaaminika.

Nje, Iddi alimshika bega. Hasira yake ilikuwa imepita kiasi cha kupigia kelele.

"Ungelifumba jicho moja tu, shemeji," alisema. "Moja. Unayo mawili." Akaenda zake, na hakumwita tena kwa jina hilo.

Waziri alilivunja jiwe siku ya Jumamosi. Alilitwanga katika kinu cha chuma mpaka likawa unga mweupe, na unga ule ulipopanda alifunga kitambaa puani na mdomoni, kwa sababu ulimkereketa kooni. Aliuosha katika sinia kubwa, akilizungusha taratibu, maji yakiondoka na weupe. Dhahabu ilibaki nyuma, nzito, ikijikokota. Alipomaliza, akatazama chini ya sinia. Palikuwa na vipande vilivyoonekana, na palikuwa na vumbi ambalo mtu mwingine asingeliona. Alijua hesabu yake. Kila chembe atakayoiokoa ni siku moja zaidi ya Mwanarusi kuwa mke wa Mwinyihaji. Angeweza kuyamwaga maji yale uani, kuku wakayakanyaga.

Aliyachuja tena mara ya pili, na mara ya tatu. Kisha akaviyeyusha vyote, vipande na vumbi, akapata kidonge kidogo cha mviringo, chenye mpauko wa fedha ndani yake kama alivyosema Velji, na alipokigusa kwa nyundo juu ya fuawe kililegea kikatanuka bila kupasuka, kama unga wa chapati uliokandwa. Hakuwahi kufanya kazi na kitu laini kama kile. Alikaa nacho mpaka adhuhuri bila kukifua kuwa chochote.

Kadhi alikuwa amekisia kwamba dhahabu ile ingetosha miezi minane. Waziri alikuwa amejiandaa kwa miezi minane. Alikuwa hata amemwambia Biasha, ambaye alimjibu kwamba mtu aliyengoja miaka minane tangu kufiwa na mke hashindwi na miezi minane.

Ila Mwanarusi alikuja baada ya siku tatu, safari hii na mamake, na alisema anataka yote kwa mara moja. Mama alikuwa amekunja uso. Mwanarusi alieleza kwa utulivu kwamba masurufu ni yake, na ameamua kuyala njiani. Anakwenda Nyanza.

"Miaka minne watu wananiuliza kama mume wangu ni mwongo," alisema. "Sasa najua si mwongo. Basi kwa nini hakuja? Swali hilo siwezi kukaa nalo Bodo. Nikimkuta na mke mwingine na watoto, atanipa talaka yangu kwa mdomo wake, nami nitarudi."

Waziri aliuliza atarudi lini.

"Nikipata jibu."

Alimtazama uso kwa uso, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku zote zile za mizani, na Waziri aliona kwamba neno lile nitarudi amelisema kwa ajili yake. Alikinunua kidonge kile kwa bei kamili. Hakukiuza na hakukifua. Mwanarusi aliondoka Jumanne ya juma lililofuata, akavuka Likoni, akapanda gari la moshi la daraja la tatu.

Mwezi wa tatu ukapita. Mvua za masika zilikuja, njia ya Ramisi ikafungwa na matope, ikafunguliwa. Waziri alipaka karakana chokaa. Alinunua kitanda kipya cha mkonge, na Biasha akashona mito bila kuambiwa. Wateja walimwona akiacha koleo kila gari lilipopunguza mwendo mbele ya mlango wake, na walijifanya hawakuona.

Barua ilifika mwezi wa saba, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama wanavyofundishwa wasichana katika vyuo vya Kurani. Haikuwa ndefu.

Mwanarusi aliandika kwamba amemkuta Mwinyihaji. Anaishi peke yake katika chumba kimoja karibu na mgodi, hana mke wala mtoto. Kilichomzuia ni vumbi jeupe la jiwe. Walikuwa wakilivunja jiwe chini ya ardhi siku nzima bila hata kitambaa, na vumbi limeganda mapafuni mwake. Daktari alisema halitoki. Hawezi kutembea kutoka kitandani mpaka mlangoni bila kupumzika. Jiwe alilolituma lilikuwa la mwisho kabla kifua hakijamfunga. Aliacha kutuma habari kwa kuwa hakutaka mkewe aletewe kifo kidogo kidogo kwa njia ya posta. Aliona afadhali achukiwe.

“Nilikuja kuomba talaka,” aliandika, “na nilipoingia alijua. Alifungua mdomo kunipa kabla sijaiomba. Nikamwekea kiganja mdomoni. Pumzi yake ilinigonga mkononi kama ya ndege. Bwana Waziri, wewe ndiwe uliyenijulisha kwamba hakunidanganya, nami sijui nikushukuru au nikulaumu. Nitakaa naye mpaka Mungu atakapotuamulia. Usiningoje.”

Waziri aliisoma mara moja, akaikunja. Alichukua kazi aliyokuwa nayo, kipini cha mtu, akaifanya mpaka ikaisha. Alasiri alikwenda msikitini, akaswali na wenziwe, na walipoinua mikono kuomba dua yeye alibaki na mikono mapajani. Mwanarusi asingerudi ila mtu mmoja afe. Hakuna alichoweza kukiomba kwa nafsi yake ambacho hakikupitia juu ya kitanda kile cha Nyanza. Alikaa hivyo mpaka watu wakatoka, na mfagiaji akaanza kukunja mikeka.

Siku ya pili hakufungua karakana. Alitembea mpaka kwa Kadzo, mama aliyekuwa akileta asali kutoka milima ya Shimba, akanunua chupa mbili za asali nyeusi, ile ya nyuki wadogo inayopendwa kwa kikohozi. Kwa Mshihiri mmoja mwenye duka alinunua ratili moja ya habasoda, zile mbegu nyeusi za dawa. Alivipakia katika debe la mafuta ya taa lililooshwa, akajaza makumbi ya nazi pembeni ili chupa zisigongane, akalishona debe kwa gunia. Kisha akauliza posta anwani inaandikwaje ya mtu aliye mgodini.

Ndani alitia karatasi. Aliiandika mara kadhaa, na zile za kwanza alizichana. Ile iliyokwenda ilisema: “Mpe kijiko kimoja asubuhi kabla hajala, na kimoja akilala. Habasoda itwangwe, ichanganywe na asali, asiimeze kavu. Alale ameinuliwa mgongo. Ikiisha niandikie, nitatuma nyingine.”